Nukta Chini ya Sahani

Kijijini, Chemba
Jumapili, 3 Machi 2024

Mke wangu Editha,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, na kama hukuniamkia, rudi mlangoni uanze upya. Sisi tupo. Mvua imenyesha mpaka choo cha jirani yetu Henry kimejaa maji, na tangu hapo amekuwa mpole kidogo. Alizeti imesimama, uwele umetoa masuke, na yule mbuzi mweusi uliyekuwa unamwogopa amezaa pacha, wote wawili sura yako. Msalimie huyo Deusdedit aliyeniibia mke, mwambie rungu langu bado zima. Mbebe Anna kwa niaba yangu. Kitukuu cha miezi sita kinabeba jina la marehemu bibi yako na mimi sijakiona hata kwa picha iliyotulia.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hapa inashika juu ya lile jiwe la nyuma ya shule tu, na pale ukitamka neno kansa mara moja wanalisikia watu kumi na wawili na mbwa wao. Tena wewe siku hizi mazungumzo yakifika kwa mama yako, simu huwa inakatika. Karatasi haikatiki, labda uichane. Barua anakuletea Hamidu, kondakta wa basi la asubuhi. Nimemwambia ndani kuna dawa ya kuwatia makondakta upara, kwa hiyo hatafungua.

Sasa sikiliza. Kijiji kizima kinamwogopa mama yako, isipokuwa mtu mmoja. Tangu Klara ashuke kwenye basi, titi moja kaliacha hospitali na nywele zote zimelifuata, mimi baba yake nimekunywa naye maji kwa kata moja, nimekula naye ugali sahani moja, wala sikupepesa jicho. Sijaogopa hata siku moja.

Nimeyasoma tena hayo. Ni uongo. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo yaache yalivyo, lakini ujue ni uongo. Nilitengeneza kata nyingine ya kibuyu nikaificha nyuma ya mlango, nikanywea hiyo siku tisa. Ile ya mtungini nilikuwa naigusisha mdomo tu, naigiza, kama padre mwenye haraka.

Chanzo ni hiki. Wasichana walichomwa shuleni sindano ya kuzuia kansa. Henry, ambaye ana duka na redio na kwa hiyo ni profesa, akasema sindano huchomwa kwa ugonjwa wa kuambukiza, kama surua. Wiki ileile redio yake ikasema wataalamu wanachunguza kama kuna virusi vinavyohusika na kansa ya titi. Henry akajumlisha. Mbili na mbili kwake ni ng'ombe. Kuanzia siku hiyo hakuna anayenunua pombe ya mama yako, yeye ambaye wilaya nzima haina mpikaji kama yeye. Wakipita uani wanasalimia kwa mbali, kama wanaopita mzinga wa nyuki.

Wewe unakaa Makole, unafanya kazi Mtumba kwenye majengo ya vioo ya serikali, umezungukwa na watu wenye miwani. Waulize ni kweli au si kweli, uniandikie jibu kwa herufi kubwa.

Jambo la pili ndilo kubwa. Keshokutwa ni dripu yake ya dawa ya kansa, ya tatu kati ya sita, na anasema haendi. Nikimuuliza kisa nini, anasema Dodoma kuna joto. Editha, mwanamke aliyezaliwa Chemba akakaa kwenye moshi wa mapipa ya pombe miaka thelathini, leo anashindwa na joto?

Ni mimi mumeo halali,
Babu Matonya


Makole, Dodoma
11 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Nimerudi mlangoni nikaanza upya kama ulivyoagiza. Anna ameota meno mawili ya chini na anayatumia. Deusdedit anasema salamu za rungu zimefika na yeye bado anakimbia vizuri. Kazini tuko mbioni kwa sababu ya bunge la bajeti; nachapa majedwali mpaka macho yanauma.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda kwa daktari wa mama na barua yako mkononi. Aliisoma, akacheka pale kwenye padre, halafu akanieleza taratibu, nami naandika kama alivyosema.

Ni kweli wapo wataalamu wanaotafuta virusi ndani ya uvimbe wa matiti. Wengine wamekuta alama za virusi fulani, hata vya ng'ombe. Wengine wametafuta vilevile wasione kitu. Hawajakubaliana, na hakuna aliyethibitisha kwamba virusi ndivyo vinavyoleta saratani ya titi. Sindano ya shuleni ni ya saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ndiyo imethibitishwa kwamba inatokana na virusi, na virusi hivyo vinapita kwa njia ambayo mjukuu hamwandikii babu yake. Havipiti kwenye kata. Na hata kesho wakikubaliana kuhusu titi, SARATANI YENYEWE HAITOKI KWA MTU IKAINGIA KWA MWINGINE KWA KULA NAYE, KUNYWA NAYE, KUMSHIKA WALA KULALA NAYE CHUMBA KIMOJA. Hizo ndizo herufi kubwa ulizotaka.

Akasema tena kwamba mgonjwa wa dripu ndiye anayepaswa kutuogopa sisi. Dawa zinapunguza kinga yake, kwa hiyo mwenye mafua akae mbali naye. Na maziwa mchemshe, kwa sababu zilezile za siku zote.

Babu, mwambie mama arudi. Daktari amesema kuchelewa siku chache kunarekebishika, ila kuacha katikati ni kuurudishia ugonjwa nafasi. Hapa tuliishi naye vizuri sana. Chumba chake kipo na vitu vyake vyote vipo kama alivyoviacha.

Mjukuu wako,
Editha


Kijijini, Chemba
Jumapili, 17 Machi 2024

Mke wangu mwenye herufi kubwa,

Marahaba mara mbili, moja yako, moja ya meno ya Anna. Hapa wazima. Pacha wa mbuzi mmoja amekufa, aliyebaki ndiye anayefanana nawe zaidi, anapiga kelele kabla ya kuguswa.

Habari ya ng'ombe imenisikitisha. Nilikwenda zizini nikamtazama yule jike mwenye pembe moja, nikamwambia, wewe, watu wenye miwani wanakuchunguza. Akanya. Nimelipokea kama jibu la mtuhumiwa. Maziwa tunachemsha.

Barua yako niliibandika kwenye mlango wa duka la Henry kwa ugali. Akaisoma yote, midomo ikitembea, halafu akaweka kidole pale ulipoandika hakuna aliyethibitisha. Akasema, "Mzee Matonya, hapa wamekiri. Haijathibitishwa maana yake inawezekana."

Nikamwambia, "Hata wewe Henry haijathibitishwa kwamba si mchawi. Mbona tunanunua chumvi kwako?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuja uani kwangu. Kicheko ni kitu rahisi, hakigusi kikombe. Nikaona karatasi peke yake haitoshi.

Nikaalika watu waje jana kupalilia alizeti. Unajua utaratibu wetu: unaita majirani, wanakuja na majembe, mchana unawatolea pombe, chombo kimoja, kata moja, inazunguka. Mama yako nilimwomba apike. Akasema, "Baba, utalima peke yako." Nikasema pika. Akapika ya mtama, siku zake zote, kama anavyojua. Watu walikuja kumi na wanne, nadhani walitumaini nimeagiza kwingine. Walipalilia mpaka jua likasimama. Walipofika uani wakamwona Klara na kitambaa chake kichwani, anakoroga. Wakaanza kusoma mawingu.

Henry akatoa kwenye mfuko kikombe cha plastiki cha bluu. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Dada Klara, usituelewe vibaya. Tumekuletea cha kwako, uwe unaonjea hicho."

Mama yako akanyoosha mkono kukipokea. Editha, hilo ndilo lililonikata. Hakukasirika. Alinyoosha mkono kama mtu aliyekwisha kupewa kikombe cha namna hiyo.

Nikakiwahi. Nikamwambia Klara, "Onja." Akaonja. Palepale alipoweka mdomo nikaweka wangu, nikamaliza, nikalamba ukingo wote kuuzunguka, nina meno manne lakini ulimi ni mzima. Kabla Henry hajafunga mdomo wake nikachukua kata ya watu wote, nikaizamisha chomboni, nikanywa, nikaizamisha tena, nikanywa tena. Nikawaambia, "Haya. Kama Klara ana wadudu, sasa ninao mimi, na mimi nimewaweka humo. Lita arobaini. Anayeogopa achukue jembe lake aende nyumbani na kiu yake."

Nikatukana kidogo pia, kwa lugha yetu ya vidoko, ile ya kugonga ulimi kinywani, ambayo Kiswahili hakina herufi zake, kwa hiyo umepona kusoma.

Wakaangaliana. Jua lilikuwa kali. Mzee wa kwanza akasema yeye ana miaka themanini, kansa imkute akiwa ameburudika. Wa pili akafuata. Henry alikunywa wa mwisho, na alikunywa zaidi ya wote.

Walipoondoka nikajiona shujaa. Mama yako akawa anakusanya vyombo, hanitazami. Akasema, "Baba, umewaweza. Sasa ile kata ya nyuma ya mlango tuifanyie nini?"

Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Nikaileta. Tukaitia motoni, ikatuchemshia chai. Sasa nyumba hii ina kata moja tu.

Nikamuuliza upya habari ya joto la Dodoma. Akanipakulia ugali. Mimi kwa makusudi nikachukua sahani yake, ile ya bati aliyokuja nayo kutoka kwako, maana hiyo anakulia peke yake, anaiosha peke yake, anaiweka peke yake juu ya kichanja. Nilipomaliza nikailamba mpaka chini, unazijua tabia zangu. Nikaigeuza, chini yake kuna nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Mama yako hajapaka kucha tangu abatizwe. Na mimi niliishia darasa la nne, lakini nukta naijua: mwandishi akiiweka, ana maana amemaliza kusema.

Siulizi kitu. Nakuandikia tu habari za hapa. Dripu ya tatu imeshapita siku kumi na mbili.

Babu Matonya


Kijijini, Chemba
Jumapili, 7 Aprili 2024

Editha,

Wiki tatu. Hamidu anapita kila asubuhi ananionyesha viganja vitupu, na anajipapasa kichwani kuona kama upara umeanza. Pasaka imepita. Tulichinja jogoo, mama yako akala paja.

Nywele zake zimeanza kurudi, laini kama za kifaranga. Watu wanasema kapona. Hata Henry anasema. Mama yako anawaitikia. Lakini jana nilimkuta amekaa nyuma ya ghala, mkono kaupitisha ndani ya gauni upande uliobaki, anatafuta kitu kwa vidole. Aliponiona akasema mbu.

Kama mwenye ile rangi ni Deusdedit, sema. Rungu lipo, na nauli ya kumfuata naipata. Ukisema ni yeye, nitaamini, maana mimi ni mume mwenye wivu na naamini lolote baya juu yake.

Ukinyamaza, nitajua nimpige nani.

Babu


Makole, Dodoma
14 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo. Anna hajambo. Habari nyingine sina.

Rungu liache. Si Deusdedit. Yeye alikuwa safari ya kikazi wiki ile, na aliporudi akaniuliza kwa nini mama anakula jikoni. Nikamwambia anapenda jikoni.

Ni mimi. Kazini kwenye kompyuta nilisoma habari ya watu waliokuta virusi kwenye matiti ya wagonjwa. Sikusoma mpaka mwisho. Sikusoma pale wanaposema wengine hawakuona kitu. Nilikuwa namnyonyesha Anna, Babu. Kila alipolia nilihesabu: bibi amembeba, bibi amemfuta mdomo kwa kanga yake, bibi ameonja uji wake. Nikanunua sahani mpya, kikombe na kijiko, nikavitia nukta chini ili nisivichanganye. Nikasema ni vyombo vizuri vya mgeni. Nikaanza kumchukua Anna kila mama alipomnyanyua, nikisema mama pumzika, una kidonda.

Mama ndiye aliyekuwa anaosha vyombo. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta vyombo vyote vimepangwa kabatini na vyake vitatu viko peke yake dirishani, vimegeuzwa juu chini, nukta zinaonekana. Kesho yake akaacha kumnyanyua Anna. Akawa anamwimbia tu kutoka kwenye kiti.

Kwa daktari nilikwenda baada ya barua yako, sikwenda kabla. Nilipoandika zile herufi kubwa nilikuwa najiandikia mwenyewe. Ndipo nikakuandikia kwamba tuliishi vizuri sana.

Kijiko na kikombe nimevisugua nikaviweka pamoja na vingine. Naona hiyo haifuti kitu. Kichupa cha rangi ni hiki, nimekifunga kwenye kitambaa, kitupe chooni kwa Henry. Daktari amesema mama aje hata leo, watampima upya, na huo upande mwingine wautazame mapema. Nimeomba likizo. Kama hataki kufikia kwangu nitamtafutia pa kufikia. Kama hataki kuniona nitakaa nje ya wodi.

Msomee mama barua hii. Usiipunguze.

Editha


Kijijini, Chemba
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mke wangu,

Marahaba. Uwele tumeanza kuvuna, ndege wamekula robo na wametuachia shukrani. Mbuzi wako mzima.

Nilimsomea. Darasa la nne linatosha kusoma, halitoshi kusoma bila sauti kukwama, kwa hiyo nilisimama mara mbili nikasingizia mwandiko wako. Yeye alikuwa anachambua kunde. Nilipofika mwisho akaendelea kuchambua, akatoa jiwe, akalitupa kwa kuku. Halafu akauliza, "Amesema ni yeye, au amesema ni mume wake?"

Nikasema, "Amesema ni yeye."

"Hakumsingizia?"

"Nilimpa nafasi ya kumsingizia, akaikataa."

Akachambua tena, nikadhani tumekwisha. Akasema, "Nami mtoto wangu alipokuwa ananyonya niliogopa hata kivuli cha kunguru." Sikusikia amekusamehe, Editha, wala sitakuandikia kitu ambacho sikukisikia. Nilichosikia ni hiki. Akanyoosha mkono, safari hii kwa nguvu, akasema, "Kilete hicho kichupa."

Nikampa, nikijua anakitupa. Akakaa kizingitini akapaka kucha zake. Zile dawa zilikuwa zimezitia weusi, na alikuwa anazificha kwenye kanga kila mtu akija. Akapaka kumi za mikono, akapaka kumi za miguu, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Henry akapita, akasimama, akasema, "Dada Klara, kulikoni?" Mama yako akamwonyesha mikono yote miwili. Akasema, "Nakwenda Dodoma kuchomwa dripu. Sitaki muuguzi aniulize mimi ni nani."

Rangi iliyobaki akanipaka mimi kidole gumba, kwa nguvu. Imekataa kutoka. Nimekwenda nacho kanisani.

Akaandika masharti, yaani mimi naandika, yeye anasema. Anafikia kwako, hataki pengine, maana hajafukuzwa na mtu. Sahani ya bati anarudi nayo, ataiweka kabatini katikati ya nyingine, na nani atawekewa chakula humo ni bahati ya siku. Anna atambeba yeye kutoka stendi mpaka nyumbani, na wewe utabeba mizigo. Akiwa ametoka kwenye dripu na mtu ana mafua, mwenye mafua ndiye atakayekula jikoni, hata akiwa mwenye nyumba.

Kuhusu huo upande mwingine, nimemuuliza uso kwa uso. Amesema kuna kitu kama punje ya mtama, na huenda ni woga wake tu. Nimesema basi tutaupeleka huo woga wakaupime. Virusi, ng'ombe, kunguru, wenye miwani wabishane wanavyotaka, hiyo ni kazi yao na waifanye vizuri. Sisi kazi yetu ni dripu nne zilizobaki. Namsindikiza mwenyewe, nitakaa mpaka zianze kuingia. Tunakuja Jumanne na basi la Hamidu. Kumbe kweli ameanza upara, ananilaumu.

Sasa mke wangu, kuna kitu changu kwako. Siku ya harusi yako ulichukua kata ya marehemu bibi yako, ile ya mpini mrefu, ukasema unaiazima ukaonyeshe watu wa mjini. Nasikia umeitundika ukutani juu ya televisheni, urembo. Miaka mitatu sasa. Sijawahi kuidai. Leo naidai.

Itungue. Ifute vumbi, ioshe vizuri, uitie kwenye mtungi wa maji, moja tu, vikombe vyote ufungie kabatini. Safari ni ndefu, tutafika na kiu, na hakuna hata mmoja wetu mwenye mafua.

Babu Matonya